Baridi asubuhi, linachemsha mchana: kisa cha Hiace ya Mbale na Kapchorwa

Hajati alileta gari mapema, kabla hata sijavaa ovaroli. Ni Hiace ya dizeli, ile ambayo injini yake imelala chini ya viti vya mbele, na kazi yake ni kubeba abiria kati ya Mbale na Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. "Mwanangu," akaniambia, "hili gari litanimaliza. Rejeta nimenunua ya pili sasa. Abiria wanashushwa njiani kila wiki. Kama ni la kuuza niambie tu, niliuze."

Nyuma yake alisimama dereva, kijana wa Kisabiny, ameshika jerikeni ya lita 20. Alikuwa ameijaza maji Kapchorwa, na sasa imebaki robo.

Nilimwomba anisimulie siku nzima ya gari tangu anapoliwasha. Akasema, "Asubuhi, fundi, linakuwa baridi kupita kiasi. Natoka Kapchorwa saa kumi na mbili, nafika Sironko sindano ya joto bado iko chini. Linatoa moshi mweupe na mafuta linakunywa. Lakini mchana nikirudi na watu, tukianza tu kupanda, sindano inaondoka na hairudi."

Jibu lote lilikuwa ndani ya maneno hayo, na mimi sikulisikia. Nililishika la mchana nikaliacha la asubuhi. Gari linachemsha mlimani, rejeta ni mpya kwake, basi itakuwa ni wota pampu haisukumi maji. Nilipoifungua nikakuta beringi yake ina mchezo kidogo, nikaridhika, nikafunga pampu nyingine. Hajati akalipa. Siku ya tatu dereva alinipigia simu akiwa kwenye kona ileile ambako huwa anasimama, na nyuma yake nasikia abiria wanagomba. Pampu ile ya zamani ingeweza kwenda miezi mingi bado. Pesa ya Hajati ilipotea kwa sababu ya haraka yangu, na ndiyo maana mara ya pili nilikataa kugusa spana yoyote kabla ya kupima.

Barabara yenyewe lazima ielezwe, maana nusu ya ugonjwa iko humo. Mbale iko kwenye mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Unapita Sironko, barabara karibu tambarare, kisha unaiacha njia ya kwenda Moroto na kuanza kuupanda Mlima Elgon kuelekea maporomoko ya Sipi. Kapchorwa mjini iko juu ya mita 1,800. Kupanda huko Hiace inakwenda gia ya pili na ya tatu, watu wamejaa, mizigo juu ya paa, mwendo ni mdogo na upepo unaoingia mbele ni kidogo. Injini inaunguza mafuta mengi kuliko wakati mwingine wowote wa siku, na wakati huohuo inapata hewa chache ya kupozea. Tena hewa yenyewe huko juu ni nyepesi. Hewa hiyo ndiyo iliyowakomaza wakimbiaji wa Kapchorwa kama Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012, lakini rejeta haina mapafu ya kuzoea. Kila pumzi ya feni inabeba joto pungufu kuliko ingebeba Mombasa.

Kati ya nishati yote iliyomo kwenye dizeli, kama theluthi moja tu ndiyo inazungusha magurudumu. Theluthi nyingine hivi inatoka na moshi, na iliyobaki inaingia kwenye chuma cha injini, ambako maji yanatakiwa kuichukua. Ndani ya silinda moto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kidogo sana, wakati aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na ile ya pistoni chini ya hapo. Kinachoizuia pistoni isiwe uji ni kwamba joto linaondolewa muda wote. Pampu inasukuma maji kuzunguka silinda na kupanda kwenye hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, yanatoka na joto, yanaingia rejeta kwa mpira wa juu, yanashuka kwenye vijibomba vyembamba huku feni ikivuta hewa, kisha yanarudi kwenye injini kwa mpira wa chini.

Hadi hapo kila dereva anajua. Kinachosahaulika ni kwamba injini inahitaji kuwa na joto. Dizeli ikiwa baridi haiungui vizuri, ndiyo moshi mweupe ule, oili inakuwa nzito, na pete za pistoni zinalika haraka. Kwa hiyo kuna mlinzi wa mlango, yaani themostati. Ni kikombe kidogo cha shaba chenye nta ndani. Maji yakiwa baridi nta imeganda, mlango wa kwenda rejeta umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini tu kwa kupitia njia ya pembeni ambayo mafundi tunaiita baipasi. Jina ni lilelile la barabara ya Kampala inayowapitisha watu kaskazini bila kuingia katikati ya jiji, na kazi ni hiyohiyo. Joto likifika nyuzi 82, nta inaanza kuyeyuka na kuvimba, inasukuma kijiti, mlango unaanza kufunguka. Kwenye nyuzi 95 hivi umefunguka wote.

Themostati ya injini kama hii ina vali mbili kwenye kijiti kimoja. Ya juu inapofungua njia ya rejeta, ya chini inakwenda kuziba baipasi. Mlango mmoja ukifunguka, wa pili unafungwa, na maji yote ya moto yanalazimika kupita rejeta.

Sasa mtu akiing'oa themostati na kuitupa, anadhani amewafungulia maji njia. Kweli ameifungua, lakini ameziacha njia zote mbili wazi. Maji hayapendi kupita kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta ikiwa kuna bomba fupi na pana pembeni. Sehemu kubwa inarudi kwenye injini kupitia baipasi ikiwa na joto lilelile ililotoka nalo. Asubuhi gari likiteremka mlima, injini haifanyi kazi kubwa, yale machache yanayopita rejeta yanatosha na kuzidi, na hakuna mlango wa kuyazuia, kwa hiyo injini haipati joto kabisa. Mchana likipanda na mzigo, hayohayo machache hayatoshi. Ugonjwa ni mmoja, saa ndizo zilizotofautiana.

Hilo nililijua kwa maneno miaka mingi, lakini sikuwahi kuliona kwa namba hadi gari la Hajati liliporudi mara ya pili.

Tulipanda na dereva, bila abiria, tumelipakia magunia ya mchanga. Nilibeba kipimajoto cha kumulika. Ni ndugu wa vile tulivyopigwa navyo kwenye paji la uso wakati wa korona, isipokuwa hiki cha gereji kinasoma joto kubwa zaidi. Sindano ilipoanza kuondoka tukasimama kando, injini ikiunguruma, nikainua kiti cha mbele na kumulika haraka. Mpira wa juu ulisoma nyuzi 97. Mpira wa baipasi ulisoma 97. Mpira wa chini, maji yanayotoka rejeta, ulisoma 58.

Nilizitazama namba hizo kwa muda. Kama rejeta ingekuwa imeshindwa kazi, maji yangetoka chini karibu na moto yalioingia nao. Haya yalitoka yamepoa kabisa. Rejeta ilikuwa inafanya kazi yake vizuri sana kwa maji machache inayoletewa, na pembeni mto wa maji ya moto unarudi kwenye injini bila kuguswa.

Hata hivyo namba hizo peke yake zinaweza kudanganya, na hapa ndipo naona mafundi wengi wanakosea, kwa sababu rejeta iliyoziba ndani nayo hupitisha maji machache na kuyatoa yamepoa. Kwa hiyo tuliporudi Mbale niliishusha, nikaiwekea mpira wa bomba juu. Maji yalitoka chini kwa nguvu, kila sehemu. Kulikuwa na magadi kidogo kwenye pembe moja, jambo la kawaida kwa gari linalonyweshwa maji ya kisima kila siku, lakini haikuwa imeziba. Ndipo nikafungua nyumba ya themostati. Ilikuwa tupu. Aliyeitoa alikuwa hata amepaka silikoni nzuri, kazi safi.

Dereva akakumbuka. Zamani kidogo, kabla Hajati hajalinunua, gari lilichemsha mara moja njiani, fundi wa barabarani akasema themostati imekwama, akaitoa, gari likapona. Namwamini fundi huyo. Themostati ikikwama imefungwa ni hatari kubwa, injini inaweza kuharibika ndani ya dakika chache, na ukiwa njiani na watu huna duka karibu, kuitoa ili ufike mjini ni busara. Pia kwenye injini fulani za zamani, zenye themostati ya vali moja, kuitoa hakukuleta kuchemsha, kulileta ubaridi tu. Desturi yetu ya kung'oa themostati ilizaliwa hapo, na ilikuwa na sababu. Kosa ni kwamba gari lilifika mjini na hakuna aliyeirudisha. Watu wakaanza kutafuta ugonjwa kwingine: rejeta ya kwanza, rejeta ya pili, na mimi na pampu yangu.

Lakini themostati peke yake haikueleza jambo moja. Maji yalikuwa yanaisha. Lita 15 kwa safari moja haziendi kwa kuchemka kidogo, na hakukuwa na mpira unaovuja.

Hapo ndipo tunafika kwenye kifuniko cha rejeta, kipande kinachodharauliwa kuliko vyote kwenye gari. Watu wanakiona kama kizibo cha chupa. Kumbe ni vali ya presha. Hiki cha Hajati kimeandikwa 0.9 juu, maana yake hakitakiwi kuachia mpaka presha ndani ifike kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba juu ya presha ya hewa ya nje. Sababu ni kwamba maji yakibanwa yanachelewa kuchemka, na yakiachwa wazi mlimani yanawahi. Mombasa maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 100. Mbale ni 96 hivi. Kapchorwa ni karibu 94, na mama yeyote wa huko anajua maharage yanachukua kuni nyingi kuliko bondeni.

Linganisha na themostati. Inafunguka yote kwenye 95. Kwa gari lisilo na presha, Kapchorwa maji yanachemka kabla themostati nzima haijamaliza kufunguka. Mfumo huo hauwezi kufanya kazi huko hata ukiwa na vipuri vyote vipya. Kifuniko kizima kinaibadilisha hesabu: kwa kilo zile 0.9, hata kwenye urefu wa Kapchorwa, maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 115. Nyuzi 20 zote hizo unazipata kwenye springi moja na pete ya mpira.

Nilikifunga kifuniko cha Hajati kwenye pampu ya kupimia presha. Kiliachia kwenye 0.2. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Kwa hiyo kila mlima maji yalianza kutoka mapovu mapema, mvuke ukayasukuma hadi kwenye chupa ya akiba, chupa ikajaa, yakamwagika barabarani. Kifuniko kizima kina vali ya pili, ndogo, ambayo injini ikipoa inafunguka kwa ndani na kuyanyonya maji ya chupa kurudi rejeta. Hiki kilikuwa hakinyonyi. Yaliyotoka hayakurudi, dereva akamimina mengine, baridi, ya mtoni au ya kisima, na kila mmimino unaleta magadi na kutu mpya ndani.

Mvuke una ubaya mwingine ambao haupigi kelele. Maji yanayogusa chuma yanabeba joto vizuri, mvuke haubebi. Povu likikaa kwenye hedi, karibu na vali za moshi ambako ndiko kuna moto zaidi, pale panakuwa na doa la joto kali hata kama maji mengine ni salama. Hedi inapinda kutokana na madoa kama hayo. Na kipimo kinachopeleka habari kwenye dashibodi kinatakiwa kiwe ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake, kinapima mvuke, na sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Dereva aliniambia mara mbili sindano iliwahi "kupona yenyewe" akiwa mlimani, naye akashukuru Mungu akaendelea. Niliposikia hivyo nilikuwa na hakika kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imekwenda.

Haikuwa imekwenda, na mpaka leo nashangaa. Nilijaza maji, nikaweka presha kwa pampu ya mkono na kuiacha dakika 20, haikushuka. Nikapima na ile dawa ya bluu ambayo kwa dizeli hugeuka kijani ikikutana na moshi wa silinda ndani ya rejeta, ikabaki bluu. Feni niliijaribu ikiwa na moto, klachi yake ya mafuta ya silikoni ilikuwa inashika. Hayo yalikuwa sawa.

Jambo ambalo halikuwa sawa ni mkono wa kondakta. Kijana ana kovu kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ngozi imekaza na kung'aa. Alifungua kifuniko gari likiwa limechemsha, akitumia tambara. Hata kwenye kifuniko kibovu kama kile, maji ndani yalikuwa moto kuliko kiwango cha kuchemka cha nje. Presha ikiondoka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo na kuyarusha mengine yote juu. Tambara halizuii kitu. Tena linashika maji ya moto na kuyagandisha kwenye ngozi. Nilimwambia, na ninamwambia kila anayesoma hapa: zima injini, shusha abiria, mkae. Nusu saa, zaidi ikibidi. Minya mpira wa juu kwa kidole kilichofunikwa. Ukiwa mgumu, bado kuna presha, usiguse kifuniko. Na maji ya baridi hayamiminwi kwenye injini ya moto, kwa sababu chuma kinachosinyaa upande mmoja kinapasuka. Abiria watagomba. Waache wagombe.

Matengenezo yenyewe yalichukua saa chache. Nilinunua themostati yenye vali mbili, na kabla ya kuifunga niliitumbukiza kwenye sufuria juu ya sigiri pamoja na kipimajoto, Hajati akiangalia. Kwenye 82 ikaanza kupumua, na maji yalipochemka, 96 hapa Mbale, ilikuwa wazi kabisa na kile kisahani cha chini kimeshuka. (Ukiwa Kapchorwa jaribio hili la sufuria halitakufikisha mwisho, maji yatachemka kabla.) Hajati alikinyooshea kisahani kidole akasema, "Kumbe hiki kidogo ndicho kilichokula rejeta zangu." Nikafunga kifuniko kipya cha 0.9, baada ya kukipima nacho, maana sokoni kuna vipya vinavyoachia mapema kuliko vya zamani. Nikaosha mfumo mpaka maji yakatoka meupe, kisha nikajaza kulanti, ile dawa ya kupozea injini, na maji safi nusu kwa nusu.

Kuhusu kulanti tulibishana kidogo. Dereva alisema ni ya Wazungu wenye barafu. Ni kweli barabara zetu hazigandi. Lakini kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na magadi, na inasogeza kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi kadhaa, jambo ambalo kwenye mlima huu lina thamani. Kwa haki, maji matupu hubeba joto vizuri kidogo kuliko mchanganyiko huo. Mtu akiniambia hana pesa ya kulanti sasa, nitamwambia atumie maji safi ya mvua na anunue kifuniko kizuri. Kwa njia hii, kifuniko kwanza.

Tulipanda tena na magunia yaleyale. Kwenye kona ya ugomvi nikamulika. Mpira wa juu 94, wa chini 79, na wa baipasi umepoa kuliko wa juu, maana yake mlango wake umefungwa. Mpira wa chini sasa ulikuwa moto kuliko siku ile ya kwanza, na dereva akashtuka, akadhani tumeharibu. Nikamweleza kwamba ule moto wa chini ni maji mengi yanayopita rejeta, kila tone likiacha joto lake kidogo. Siku ile yalipita machache, yakapoa sana, na hayakumsaidia mtu.

Hatukusimama tena. Tulipita Sipi, tukafika Kapchorwa, tukapaki sokoni. Sindano ilikuwa katikati. Tuliacha gari lipoe, tukanywa chai, na tuliporudi niliangalia chupa ya akiba: maji yalikuwa yamepanda safarini na sasa yamenyonywa kurudi, hadi kwenye alama ileile tuliyoianzia Mbale.

Asubuhi iliyofuata dereva alinipigia kutoka Sironko. Sindano ilikuwa imepanda kabla hajamaliza kuteremka mlima, na hakuona moshi mweupe.

Magadi kwenye ile pembe ya rejeta bado yapo, sikutaka kuyachokonoa kwa tindikali kwenye rejeta ya mtumba. Nimemwandikia Hajati tarehe ya kulirudisha kabla ya mavuno ya viazi, wakati paa linapopakiwa hadi springi zinalala, ili nipime mipira yote mitatu upya pale pale kwenye kona.